Upande wa Ndani wa Bati

Lori la chumvi huanza kuoza miguuni mwa dereva. Mwenye gari hutazama madigadi na pembe za chini za milango. Akiona rangi imevimba hapa na pale, anasema kutu imeanza. Fundi bodi hasemi kitu kwanza. Hulala chali chini ya kebini, akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Bati zima hulia. Bati lililokwisha hutoa sauti fupi, nzito, na papo hapo vumbi jekundu linakumwagikia machoni. Nimelala chini ya malori ya Tanga tangu ujana wangu, na sidhani kama kuna kutu ya mkoa huu ambayo sijaionja.

Chumvi ya kwetu hutoka kwenye mashamba ya pwani, Mkinga upande wa kaskazini na Saadani upande wa kusini. Magunia hupakiwa kabla chumvi haijakauka sawasawa, yakawa yanavuja njia nzima. Watu husema chumvi inakula chuma. Si kweli hasa. Chuma kinaliwa na maji pamoja na hewa. Kazi ya chumvi ni kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, kwani kutu inatokana na umeme mdogo sana unaotembea kati ya sehemu moja ya bati na nyingine. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo pale ilipojificha hapakauki hata jua la kaskazi likiwaka vipi. Hayo niliyasoma baadaye sana. Wakati nafundishwa kazi niliambiwa tu: "Palipo na mkunjo, hapo ndipo pa kutazama."

Na kweli kutu hupenda mikunjo. Kiwandani mabati mawili hubebanishwa, yakashikwa kwa nukta za welding. Maji yakishaingia katikati hayatoki tena. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huyasukuma yale mabati yaachane, taratibu, hadi nukta zinakatika moja baada ya nyingine. Ndiyo maana nguzo ya mlango unaweza kuiona nzima, rangi inang'aa, ukiifungua unakuta mabati mawili yaliyogombana na katikati maganda meusi, tabaka juu ya tabaka. Mlango nao una ugonjwa wake. Chini kabisa una vitundu vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo. Lori likibeba chumvi leo na marobota ya katani kesho, vumbi la katani linashuka ndani ya mlango, linaziba vitundu, na mlango unageuka ndoo. Utingo mwenye akili alikuwa na kijiti cha waya cha kuzibulia vitundu vile. Nimewajua wachache wa namna hiyo, na malori yao sikuyaona gereji mara kwa mara, jambo ambalo kwa biashara yangu halikuwa zuri.

Nilianza kazi mwaka 1978, baada ya darasa la saba. Baba alikuwa kibarua wa shamba la mkonge upande wa Muheza, na alikuwa ameapa kwamba hakuna mwanawe atakayeshika kisu cha mkonge. Akanileta Ngamiani, hapa Tanga, kwa fundi aliyekuwa karakana ya reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli kugawanywa, fundi yule aliona asingoje kujua atapangiwa wapi. Akachukua vyombo vyake na kufungua gereji uani kwa shemeji yake. Sisi vijana tulimwita Fundi Mkubwa. Baba alimwambia, "Fundi, huyu ni wako sasa. Akikataa kazi usinirudishie nyumbani. Mpeleke moja kwa moja shambani, akakate mkonge." Sikukataa kazi.

Kazi ya kijana ilikuwa kukwangua. Brashi ya waya, kipande cha msumeno, msasa, na tindo kwa sehemu zilizoganda. Nyundo ya bati hukuruhusiwa kuigusa mpaka mkono wako ujue kusoma. Fundi Mkubwa alikuwa na boneti bovu alilolitumia kama ubao wa shule. Analigonga mahali, kisha anakuita utafute bonde liko wapi, macho umegeuzia ukutani. Unatumia mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshaota sugu za nyundo na hausikii. Katikati ya kiganja na bati unaweka kitambaa chepesi ili mkono uteleze. Kiganja kinakwenda chote, kirefu, kutoka kwenye bati zima kupita kwenye jeraha hadi kwenye bati zima la upande wa pili. Ukipapasa kwa ncha za vidole huoni kitu. Mwanzoni unasikia ubaridi tu. Baada ya miezi unaanza kusikia kwamba bati limepanda kidogo, likashuka, halafu likapanda tena, kitu ambacho jicho halikioni mpaka rangi ipakwe na jua lipige. Wakati huo umechelewa.

Malori niliyoyakuta mengi yalikuwa Bedford ya pua, aina ya TJ, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Yalitengenezwa Uingereza na Vauxhall, kampuni iliyokuwa mali ya General Motors ya Marekani. Kulikuwa na Leyland, Albion, Fiat, na baadaye Scania zilizounganishwa Kibaha, lakini mimi nilijifunzia kwenye Bedford. Bati la kebini zile nilikuwa nikilipima naona geji 18 hadi 20, yaani milimita 1.2 hadi 0.9 hivi. Linapigika. Kebini yake inakaa juu ya chesisi kwa mipira, na mipira hiyo ndiyo kitu cha kwanza ninachokikagua hadi leo, kabla hata ya kutu. Chesisi ya lori hupinda na kujinyonga barabarani, imekusudiwa hivyo. Mipira ikiwa hai, kebini haijui habari hizo. Ikishakufa, kila shimo la njia ya Pangani linapanda moja kwa moja hadi kwenye nguzo za milango, na nguzo zinapasuka pembeni. Mtu anazichomea, zinapasuka tena, anamlaumu fundi wa welding.

Lori lililonifanya niwe fundi lilitoka vitani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na serikali ikachukua malori na mabasi ya watu na ya mashirika ili kupeleka askari na mizigo. Bedford moja ya mfanyabiashara wa hapa Tanga ilikwenda, na ikarudi mwaka 1979 baada ya Kampala kutekwa. Injini ilikuwa nzima. Kebini ilikuwa imelalia ubavu wa kushoto mahali fulani huko na kuburutwa. Paa limekunjika katikati, nguzo ya mlango wa utingo imesukumwa ndani, na tundu la kioo cha mbele limekwenda mshazari. Leo mtu angesema tafuta kebini nyingine. Wakati ule kebini nyingine ilikuwa neno tu. Fedha za kigeni hazikuwapo, na hata vipuri vidogo vilisubiri kibali na kibali kilisubiri benki. Tajiri alisimama mbele ya lori lake akasema, "Fundi, hii ndiyo niliyonayo."

Tulivua kila kitu: betri, tangi, viti, milango, mpira wa kioo. Viti vya zamani vilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi, na cheche moja ya gesi ikiingia humo huioni mpaka usiku, wakati mmelala. Kisha Fundi Mkubwa akachukua uzi wa katani, akapima tundu la kioo kutoka pembe ya juu kulia hadi pembe ya chini kushoto, akafunga fundo. Akageuza, akapima mshazari wa pili. Mafundo mawili yaliachana kwa upana wa vidole vitatu. Akaning'iniza uzi ule kwenye msumari na kutuambia hakuna atakayeshika nyundo mpaka mafundo yakutane.

Hapo nikaona kwa nini mafundi wengi huharibu kebini wakidhani wanainyoosha. Mtu akiona bonde kubwa huliendea na kulipiga katikati, kwa nguvu, kutoka ndani. Katikati ya bonde mara nyingi bati halijaumia, limekwenda tu. Kilicholishika ni mikunjo ya pembezoni, ile migongo iliyofinyangika na kuwa migumu. Ukiipiga katikati unalinyoosha bati lisilo na kosa, linatanuka, na sasa una maradhi mawili. Fundi Mkubwa alisema ajali lazima irudishwe nyuma: kilichoumia mwisho kitoke kwanza. Lori lilipoanguka ubavu ulitangulia, ukafuata paa, nguzo ikamaliza. Basi tukaanza na nguzo.

Jeki iliwekwa ndani ya kebini, imelala, na magogo ya mvule kila upande ili isitoboe. Kijana mmoja anapampu, mwingine anashika uzi. Tulisukuma nguzo mpaka ikafika mahali pake, tukalegeza jeki, ikarudi. Tukasukuma tena, safari hii kupita mahali pake kidogo, na jeki ikiwa bado imebana Fundi Mkubwa akaizunguka mikunjo yote kwa nyundo ndogo, tap tap tap, bila haraka, huku doli ikiwa upande wa pili. Doli zetu zilikuwa vipande vya reli alivyovikata na kuvisugua mwenyewe, kimoja cha bapa, kingine chenye mgongo, na kijiko kimoja kirefu kilichotokana na jani la springi. Kila pigo linakiachisha chuma ukaidi wake kidogo. Jeki ilipolegezwa kwa mara nyingine, nguzo ilirudi kiasi cha unene wa bati na kukaa. Paa tuliliinua kwa magoti na mfuko wa mchanga, tukamalizia kwa nyundo ya mti. Mafundo yalikutana.

Tajiri alifika siku ile, akaona kebini imesimama wima. Furaha ikampanda.

"Fundi, gari imenyooka! Piga rangi itoke, mzigo unaningoja Korogwe."

"Tajiri, sogea nikuonyeshe kitu."

"Nimeshaona. Imenyooka."

Fundi Mkubwa hakubishana. Alimpa bisibisi mkononi, akampigisha magoti kwenye mlango wa utingo, akamwonyesha mguu wa nguzo, pale inapokutana na sakafu. "Choma mwenyewe." Tajiri akachoma, kidogo, kwa adabu. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini.

"Lakini hapa hapaonekani," akasema tajiri.

"Hapaonekani. Ndipo kebini ilipokanyaga."

Nimeyasikia maneno yale ya tajiri kwa matajiri wengi baada yake, kwa lafudhi za kila namna, na sina kinyongo nao. Mtu hulipia anachokiona. Rangi huonekana, mlango ukifungika vizuri husikika. Lakini kazi ya bodi, theluthi mbili yake, iko upande wa ndani wa bati, ambako mwenye gari hatatia jicho maisha yake yote, na gharama iko huko huko. Bisibisi ile niliirithi kama njia, maana maelezo hayafui dafu mbele ya mtu mwenye mzigo Korogwe.

Kukata kutu kunahitaji moyo. Huachi pale ulipoona shimo. Unakwenda mpaka bati linalong'aa pande zote mbili ukilisugua, na mara nyingi shimo la ukubwa wa sarafu linakuwa dirisha la kupitisha kichwa. Kiraka kinakatwa baada ya hapo, na pembe zake zinaviringwa, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kupasuka. Bati la viraka tulilitoa kwenye mapipa ya mafuta ya lita 200. Ni bati zuri, laini, unene wake unaendana na wa kebini. Ila pipa ni kitu cha kuogopwa. Pipa tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani umechanganyika na hewa na unangoja moto. Kwetu pipa lilijazwa maji pomoni, likaachwa, likamwagwa, kisha likakatwa kwa tindo na nyundo. Moto haukulikaribia mpaka liwe limetandazwa chini. Kuna gereji zilizofanya haraka, na kuna watu waliozikwa.

Kulikuwa na wajanja waliotumia bati la kuezekea, lile lenye zinki. Ukilichomea linatoa moshi mweupe mtamu mdomoni. Jioni unaanza kutetemeka, viungo vinauma, unadhani malaria. Kesho yake asubuhi umeamka mzima. Tuliambiwa tunywe maziwa. Maziwa tuliyafurahia, lakini kilichosaidia ni kuacha kuchomea zinki.

Gesi tuliipika wenyewe. Kabaidi ikikutana na maji hutoa asetilini, na harufu yake ya vitunguu saumu ilikaa kwenye nguo zangu hadi mama akaacha kuitaja. Tope jeupe lililobaki ni chokaa. Uani kwa shemeji kulipakwa tope hilo, kukawa kweupe kuliko msikiti. Oksijeni ilitoka Dar es Salaam kwa mitungi, ikichelewa tunakaa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983, kwa hiyo kabaidi ikiadimika ilikuja kutoka upande wa Vanga kwa njia zake. Hatukuuliza ilipitaje, na aliyeileta hakukaa kunywa chai.

Sasa nije kwenye moto, maana hapa ndipo fundi bodi anapopimwa. Mwanafunzi hudhani welding ni kuunganisha. Kuunganisha ni rahisi. Tabu ni kile kinachotokea baada ya kuondoa moto. Chuma cha urefu wa mita moja kikipanda joto nyuzi 100 hurefuka milimita 1.2 hivi, na mstari wa welding unafika zaidi ya nyuzi 1,400. Bati la pale kwenye moto linataka kutanuka, lakini linazungukwa na bati baridi lisilotaka kusogea. Halina pa kwenda, linajikusanya, linanenepa. Likipoa linasinyaa, na sasa ni fupi kuliko lilivyokuwa, kwa hiyo linavuta majirani zake. Ndipo unapoona ubavu wa kebini uliokuwa umenyooka unajikunja mawimbi mawimbi, na fundi amesimama na tochi mkononi akiutazama.

Dawa yake ni kwenda vidole vinne vinne. Unashika kwa nukta kwanza: moja huku, nyingine kule mwisho, ya katikati, kisha katikati ya katikati. Halafu unachomea kipande kifupi, unaweka tochi pembeni, na chuma kikiwa bado chekundu unakigonga juu ya doli. Nyundo inalirudishia bati urefu ule ambao moto umeuiba. Kipande kimoja, nyundo. Unahamia mbali, kipande kingine, nyundo. Kazi hii inataka mikono mitatu, na wa tatu alikuwa mimi, nimeshika doli ndani ya kebini nikipokea mapigo kiganjani, macho nimefumba kwa cheche. Nilijifunza kumjua Fundi Mkubwa kwa mapigo yake: akiridhika na mahali hupiga pigo moja tupu pembeni, ndipo unahamisha doli.

Moto huo huo, ukijua kuutuma, unafanya kazi ya kinyume. Bati lililotanuka kwa kupigwa mno hulegea. Ukilibonyeza kwa kidole linaingia pok, ukiachia linatoka pok. Hilo halinyooshwi kwa nyundo kamwe, kila pigo linalizidisha. Unatafuta kilele cha ulegevu kwa kiganja, unakipasha moto mahali padogo, upana wa sarafu, mpaka rangi ya damu ya mzee. Unapiga mara moja juu, kisha kukizunguka, doli ikiwa imeshikwa chini kwa ulaini, na kabla wekundu haujafa unakandamiza tambara lililolowa. Fuuu! Mvuke unapanda, na bati linajivuta lenyewe mbele ya macho yako. Ukitazama kutoka pembeni unauona mwanga wa jua ukitembea juu ya bati na kutulia. Siku ya kwanza kuliona jambo hili nilidhani ni uchawi, na nikiwafanyia vijana wa sasa huwaona nao wakibadilika nyuso. Lakini si la kurudia rudia. Ukipasha nukta nyingi mno bati linakuwa gumu na kukunjamana, na hapo huna la kufanya ila mkasi.

Mabonde madogo yaliyobaki tuliyajaza lehemu, risasi nyingi na stani kidogo. Lehemu ya namna hiyo haiyeyuki ghafla. Kati ya nyuzi 183 na 250 hivi inakuwa uji mzito, na uji huo unausukuma kwa kibao cha mti kilichopakwa shahamu ili kisishike. Kebini iliyotiwa lehemu vizuri haipitishi maji. Fundi Mkubwa alitukataza kabisa kuipiga msasa. Ilikuwa tupa peke yake, na sabuni kabla ya kugusa chakula, sheria aliyotoka nayo reli. Alijua vumbi la risasi linaua taratibu.

Halafu puti ikaja. Ilikuja pamoja na bidhaa nyingine baada ya milango ya biashara kulegezwa, katikati ya miaka ya themanini. Unachanganya na dawa yake ya kugandisha, dakika chache imekuwa jiwe, unapiga msasa, umemaliza. Siichukii puti. Juu ya bati zima lililokwanguliwa, ikiwa nyembamba isiyozidi milimita tatu, ni kitu kizuri. Ila puti ilifanya uongo kuwa rahisi. Mtu aliweza kuziba shimo la kutu bila kulikata, akaweka gunia ndani, puti juu, rangi, na lori likatoka linang'aa. Puti hunywa maji. Mvua mbili za masika na kila kitu kinadondoka pamoja. Niliwahi kufungua kizingiti cha kebini nikakuta kimejazwa magazeti yaliyoshindiliwa, na moja lilikuwa bado linasomeka: habari za Coastal Union kutwaa ubingwa wa ligi, jambo la mwaka 1988. Nililisoma lote kabla ya kurudi kazini, na nilijua hasa kazi ile ilifanywa msimu gani. Tangu hapo natembea na sumaku mfukoni. Palipo na puti nene haishiki.

Mwaka 1986 General Motors walitangaza kwamba wanaacha kutengeneza malori ya Bedford Uingereza. Habari hizo hazikuwa na kishindo kwetu. Vipuri tulikuwa tumeshazoea kuvikosa. Pole pole zikaja Isuzu na Fuso zilizotumika, bati jembamba, na kebini za kuinamisha mbele, ambazo kwa fundi ni raha kwa sababu hulali tena chini. Kutu yake ina sehemu nyingine za kujificha, lakini ni kutu. Nilifanya majaribio ya ufundi hadi daraja la kwanza, nikafungua gereji yangu Mabawa. Fundi Mkubwa alinipa kile kijiko cha springi. Vijana wananijia sasa wakiwa na vyeti vya VETA na mashine ya welding ya waya inayochomea bati jembamba bila kulipasha sana, na nakiri ni bora kuliko tochi kwa kazi nyingi. Wanachokikosa ni kiganja. Wananyoosha kwa kutazama, na wanakimbilia grenda. Grenda inalikondesha bati bila wewe kujua, mpaka siku moja unabonyeza kwa kidole linaitika. Nawapa boneti bovu, nawageuzia macho ukutani. Wengine wanaona nawapotezea muda na wanahamia kwenye gereji za rangi. Masikio yangu yamechoka. Mtu akisimama kushoto kwangu lazima apaze sauti. Mikono bado inasoma.

Kijana mmoja wa karibu na Muheza aliniletea picha za Bedford za Pakistan kwenye simu, zimepambwa kwa rangi na minyororo hadi hujui lori liko wapi. Kule Bedford hizi za pua zimetunzwa mpaka zimekuwa pambo la barabara. Babu yake aliacha moja uani, imesimama miaka mingi chini ya michungwa, na anataka irudi kubeba machungwa. Nilikwenda kuitazama. Majani yalikuwa yamelundikana chini ya kioo cha mbele, kwenye ule mfereji wa mpira, na pembe mbili za chini hazipo tena. Sakafu ya upande wa dereva imetoboka, niliziona nyasi kupitia humo. Lakini paa ni zima, nguzo ya kulia ni nzima, mshazari wa tundu la kioo unatofautiana kwa unene wa kidole tu, na milango, ajabu, ina vitundu vyake vyote wazi; mzee alikuwa mtu wa kijiti cha waya.

"Fundi, shikamoo. Itapona?"

"Marahaba, mwanangu. Itapona. Rangi umeshachagua?"

"Buluu, fundi. Ya babu."

Nikampa bisibisi. Alichoma mwenyewe, kwa nguvu, bila kungoja kuambiwa pa kuchoma, na alipofika kwenye mguu wa nguzo ya utingo hakusema kwamba hapaonekani. Aliuliza bei. Tumeshakubaliana: theluthi moja siku ya kufungua, theluthi ya pili siku atakapokuja kukagua bati likiwa tupu, ndani na nje, kabla tone la rangi halijagusa kitu. Iliyobaki akishachukua gari. Ya pili isipolipwa, buluu haifunguliwi kopo. Mapipa mawili ameahidi kuyaleta yeye, na nimemwambia yawe ya oili, si ya petroli.